Kabla ya kuwa Waziri Mkuu, Kawawa alikuwa mwigizaji wa sinema

Ukipanda basi Kasulu ukashuka Mbezi, Dar es Salaam, kisha ukaunganisha gari la kwenda Kinondoni, huenda siku hiyohiyo ukajikuta kwenye Barabara ya Kawawa. Ni barabara kubwa, na jina lake liko midomoni mwa watu kutwa. Lakini muulize kijana aliyekaa kiti cha jirani Kawawa alikuwa nani. Atakwambia alikuwa Waziri Mkuu, labda ataongeza Simba wa Vita, basi. Mimi mwenyewe nilimjua hivyohivyo shuleni: jina katika orodha ya viongozi, linalofuata baada ya Mwalimu Nyerere.

Hivi karibuni tulizungumzia waigizaji wa zamani katika kipindi cha jioni. Nilipotaja kwamba Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa mwigizaji wa sinema kabla hajawa mwanasiasa, ujumbe uliingia mwingi kwenye simu ya studio. Wengine walidhani natania. Msikilizaji mmoja wa Munanila aliandika kwamba nimemchanganya na mtu mwingine. Sikumchanganya. Ndiyo sababu nimeandika makala hii, ili mwenye simu asome taratibu, na amsomee mwenzake asiye nayo.

Kawawa alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 huko Matepwende, Namtumbo, upande wa Songea, kusini kabisa mwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Alianza shule Liwale, akaendelea Dar es Salaam, mwishowe akafika Tabora, kwenye shule ya serikali ileile aliyosoma Julius Nyerere miaka kadhaa kabla yake. Kwa kijana wa Kiafrika wa wakati ule, kutoka Tabora njia ya juu zaidi ilikuwa moja: Makerere, Uganda. Kawawa hakuifuata. Nyumbani kulikuwa na wadogo zake waliohitaji kusoma, naye akaona heri atafute kazi ili nao wapate ada.

Hesabu hiyo wasikilizaji wetu mnaijua vizuri. Kila ukoo una mtu aliyekunja madaftari yake ili mwingine afungue ya kwake.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya ukarani wa hesabu katika Idara ya Ujenzi, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye akahamia upande wa maendeleo ya jamii, idara iliyoshughulika na elimu ya watu wazima, afya ya vijijini na mambo ya namna hiyo. Huko ndiko kamera ilikomkuta.

Gari la sinema

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana kijana wa leo anayeangalia filamu kwenye simu akiwa amelala hawezi kupata picha ya jinsi sinema ilivyofika kijijini.

Mwaka 1935 wazungu wachache walianzisha jaribio la sinema huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, mkoa wa Tanga. Kwa miaka miwili hivi walitengeneza filamu fupi 35 kwa ajili ya Waafrika. Walizipakia kwenye lori pamoja na mashine ya kuonyeshea na jenereta, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland ambayo leo ni Malawi. Lori likifika, linasimama uwanjani. Giza likiingia, shuka jeupe linatandazwa, mashine inawashwa, na kijiji kizima kinakaa chini. Filamu zilihusu minyoo, kodi, kuweka akiba posta, kilimo. Mara nyingi sinema za serikali za zama zile zilijengwa kwa hadithi ya watu wawili: mmoja mwerevu anayefuata maelekezo, mwingine mjinga asiyefuata. Mwerevu anavuna, mjinga anapata hasara, watu wanacheka, gari linaondoka.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni na kuendeleza mtindo uleule. Filamu nyingi hazikuwa na sauti. Mtu alisimama kando ya shuka akiwa na kipaza sauti, akawaeleza watazamaji kwa lugha yao kinachotokea. Sisi watangazaji tunapenda kusema kazi yetu ilianza na redio, lakini naona yule bwana wa kando ya shuka ni babu yetu pia. Na wale madijei wanaotafsiri filamu za Kichina na Kihindi kwenye vibanda vya video vya Kasulu na Kibondo ni wajukuu zake wa moja kwa moja.

Babu yangu mzaa mama aliziona sinema hizo, ila si huku kwetu. Aliziona akiwa manamba kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Jumamosi moja baada ya malipo gari lilikuja, wakaambiwa leo hakuna kulala mapema. Anachokumbuka zaidi ni mbu, halafu ule mwanga wa mashine uliokuwa ukipita juu ya vichwa vyao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jambo jipya likaingia. Serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya filamu ya Afrika Kusini kutengeneza sinema za hadithi. Hizi hazikuwa tena masomo ya minyoo tu. Zilikuwa hadithi zenye wahusika, kwa Kiswahili, na waigizaji wake walikuwa Waafrika wa hapahapa. Wakahitaji mtu wa kubeba uhusika mkuu, wakampata Kawawa.

Sinema yake inayotajwa zaidi ni Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. Nyingine ni Chalo Amerudi. Jina la ile ya kwanza halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Kigoma. Muhogo mchungu kila mama anaujua: ukiutafuna mbichi unaweza kukuua, lakini ukiuloweka, ukauanika, ukausaga, ni ugali wa familia nzima. Aliyechagua jina hilo alijua anazungumza na wakulima.

Ni vizuri kuelewa ugumu wa kazi aliyopewa. Watazamaji wake wengi walikuwa hawajawahi kumwona Mwafrika mwenzao kwenye shuka. Sinema za mjini zilikuwa za Marekani, Uingereza na India, na waliofika kuzitazama walikuwa watu wa mjini. Sasa huyu karani wa Dar es Salaam alitakiwa aonekane mtu wa kwao na Mngoni wa Songea, na Msukuma wa Shinyanga, na Muha aliyeko mkongeni, wote kwa pamoja. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili. Ukizungumza haraka umewapoteza, na ukizidisha madoido hawakuamini. Waigizaji wa kwanza wa redio walipambana na ugumu huohuo, na mimi nikisoma taarifa ya habari saa moja asubuhi napambana nao mpaka leo.

Lakini tusisahau aliyelipa gharama. Ilikuwa serikali ya kikoloni, na sinema ilikuwa chombo chake cha kuwaelekeza watu. Kawawa alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Kinachovutia ni kwamba katika miaka hiyohiyo alikuwa pia kiongozi katika chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, kilichokuwa kikidai mishahara na vyeo vya haki kwa watu wake. Kazini aliigiza katika sinema za serikali. Akitoka kazini, alikwenda kwenye mkutano kuidai serikali.

Urambo, ambako hakukuwa na kamera

Oktoba 1952 serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Tanganyika nao wakaingia matatani. Wengi walikamatwa, na baadhi wakawekwa kizuizini Urambo, mkoa wa Tabora, eneo ambalo Waingereza walikuwa wamejaribu kulima karanga kwa matrekta na kushindwa vibaya. Wasafiri wa treni ya Kigoma mnaijua Urambo, ni kituo mnachokipita kabla ya kuifikia Tabora.

Mwaka 1953 Kawawa alipelekwa huko kufanya kazi ya ustawi wa jamii miongoni mwa wafungwa hao. Alikuwa na umri wa miaka 27 hivi. Mtu aliyekuwa akiigiza mbele ya kamera jana, leo yuko ndani ya kambi na watu waliotenganishwa na wake na watoto wao, hawajui watatoka lini, na yeye mbele yao ni mtu wa serikali. Kuwachekesha hakungesaidia kitu.

Sitaki kudai kwamba Urambo ndiyo iliyombadilisha. Tarehe tu zinaonyesha kwamba baada ya hapo hakurudi kwenye uigizaji. Sinema zake zote ni za miaka hiyo michache ya mwanzo, na katika maisha ya miaka 83 ni muda mdogo sana.

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana kuwa shirikisho moja, TFL, na Tom Mboya wa Kenya alikuja Dar es Salaam kuwatia moyo na kuwapa ushauri. Kawawa akawa Katibu Mkuu. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali. Kwa familia iliyokuwa ikitegemea mshahara wake, huo haukuwa uamuzi mdogo.

Huku kwetu jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Wilaya za Kasulu na Kibondo zilikuwa ghala la manamba. Shirika la waajiri wa mkonge liliandikisha vijana wa Kiha kwa maelfu na kuwasafirisha hadi Tanga na Morogoro kwa mikataba. Babu alikwenda mara mbili. Madai ya vyama vya wafanyakazi kuhusu mshahara, posho na saa za kazi yalikuwa madai yake, hata kama wakati huo hakujua jina la Katibu Mkuu wala hakujua kwamba huenda ndiye yule aliyemwona kwenye shuka.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1957 Kawawa aliingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa waziri. Uhuru ulipatikana Desemba 1961, na Januari 1962, wiki sita tu baadaye, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU. Nafasi yake akaishika Kawawa. Hivyo mwigizaji wa Muhogo Mchungu akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika, miaka kumi baada ya sinema yenyewe.

Nafasi ya pili

Watu wa maigizo wanajua jambo moja: kuna anayeng'ang'ania kuwa nyota kila mchezo, na kuna anayepokea nafasi yoyote na kuitendea haki. Kwenye sinema Kawawa alikuwa nyota. Kwenye siasa alikubali ya pili. Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri, Mwalimu akarudi akiwa Rais, na Kawawa akashuka kuwa Makamu. Hakuunda kundi, hakununa. Baada ya Muungano wa 1964 alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, na mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu tena mpaka 1977. Baadaye aliongoza Wizara ya Ulinzi wakati wa vita vya Kagera, halafu akawa Katibu Mkuu wa CCM kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980.

Baadhi ya nafasi hizo zilipingana na alizowahi kushika. Mwaka huohuo wa 1962, akiwa Waziri Mkuu, serikali yake ilipitisha sheria iliyobana sana migomo, na ya kuwapeleka watu kizuizini bila kesi. Aliyetoka kwenye vyama vya wafanyakazi, na aliyeona Urambo kwa macho yake, sasa alikuwa upande wa pili wa meza. Mwaka 1964 TFL yenyewe ilivunjwa. Wapo wanaosema nchi changa isingehimili migomo, na wapo wenzake wa zamani walioona wamesalitiwa. Kwa maoni yangu wote wana hoja, na anayemsimulia Kawawa akaruka mwaka 1962 hajamsimulia.

Kuna tendo lake moja ambalo sisi wa redio tunapaswa kulikumbuka kila tunapowasha kipaza sauti. Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, Kawawa ndiye aliyetangaza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kisitumike pasipo lazima. Barua za ofisini, vikao, maelekezo kwa wananchi, vyote vikabadilika. Alikuwa kati ya watu wachache serikalini waliowahi kuifanya lugha hii kazi ya kila siku mbele ya kamera, wakipima kama mtu wa Newala na mtu wa Kibondo watalielewa neno lilelile. Sidhani kama tangazo hilo kuangukia mdomoni mwake kulikuwa bahati tu.

Wakati wa vijiji

Sasa nafika pale ambapo wazee wa nyanda zetu wanaposikia jina la Kawawa hawafikirii sinema hata kidogo.

Waha wa zamani hawakukaa kwenye mistari ya nyumba. Kila mtu alikuwa na mji wake juu ya mgongo wa kilima, migomba inauzunguka, jirani yuko ng'ambo ya bonde. Serikali ilitaka watu waishi pamoja ili wapate shule, zahanati na maji, na walime kijamaa. Kigoma ilikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kufanyiwa operesheni, kuanzia 1972. Novemba 1973 ikaamuliwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, kila mtu wa shamba awe amehamia ifikapo mwisho wa 1976. Waziri Mkuu wakati wote huo alikuwa Kawawa, na ofisi yake ndiyo iliyosimamia mikoa. Ilipofika 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 waliokuwa wakiishi vijijini kote nchini.

Shule zilikuja, hilo halina ubishi. Wengi tunaosoma makala hii tulisoma kwenye madarasa yaliyotokana na vijiji hivyo. Lakini migomba iliachwa milimani, mavuno ya miaka ile yakawa mabaya, na kuna nyumba zilizoezuliwa wenyewe wakiwa bado ndani. Babu alihamishwa kwenye mvua. Alibeba mlango wa nyumba yake kichwani, akaushusha kando ya barabara mahali palipopigwa mambo, na usiku ule familia ililala chini ya mlango huo.

Kinachonifikirisha ni hiki. Miaka ishirini kabla, Kawawa alikuwa sehemu ya kazi iliyomwendea mwanakijiji kwa kumwekea shuka, kumchekesha na kumwachia aamue kama atabadilika. Hata kama nyuma yake kulikuwa na mkoloni, gari likiondoka mtu alibaki nyumbani kwake. Na sinema haikuachwa kabisa: mwaka 1968 serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania, na katika miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, sinema ya kuhimiza ujamaa. Ila mara hii kushawishi na kuamrisha vilikwenda pamoja, na amri ilikuwa na miguu mirefu zaidi. Mtu aliyejua kwa uzoefu wake jinsi ya kumshawishi mkulima alikuwa juu kabisa ya mpango ambao, mahali pengi, haukungoja mkulima ashawishike. Alisimama upande wa uamuzi wa chama chake, kama alivyofanya maisha yake yote.

Mzee Kawawa alifariki dunia tarehe 31 Desemba 2009 katika Hospitali ya Muhimbili, akazikwa Madale, Dar es Salaam, siku mbili baadaye. Mkewe Sofia, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa umoja wa wanawake, alikuwa amemtangulia mwaka 1994. Redio zilipiga nyimbo za maombolezo, na wasifu wake ulisomwa tena na tena: vyama vya wafanyakazi, uwaziri mkuu, ulinzi, chama. Sinema, zilipotajwa, zilipewa sentensi moja.

Nilipomaliza kuandaa kipindi kile nilimpitia babu nyumbani kumweleza. Nilianza na operesheni, akanyamaza kama kawaida yake. Kisha nikamwambia kwamba Kawawa huyohuyo, alipokuwa kijana, alikuwa akionekana kwenye sinema za gari, zile alizozitazama mkongeni. Alinikazia macho kwa muda. Halafu akacheka mpaka akakohoa, bibi akaja kuuliza kuna nini. Alipotulia alitaka kujua kitu kimoja tu: siku ile Korogwe, Kawawa alikuwa yupi, yule mwerevu au yule mjinga.